Tezi Zilizoachwa

Ndandalo, mchana, kesho unaondoka

Atupele, mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kusukwa, baba yako yuko shambani kwenye kakao, nyumba imebaki yangu peke yangu. Mambo ya safari sitayagusa. Nguo unajua kuzipanga, usipa, dagaa wetu wa ziwani, nimeshaukaanga, na namna ya kuishi na walimu wenzako huko Tanga utaijua ukifika. Nataka kukueleza jambo moja tu, lile ambalo miaka yote hii tumekuwa tukikupa nusu yake.

Unajua niliumwa. Unajua nilipasuliwa, nywele zikadondoka, zikaota tena laini kama za mtoto mchanga. Wakati ule ulikuwa chuoni, na kila ulipopiga simu uliambiwa, "Mama alikuwa na uvimbe, umeshatolewa, anaendelea vizuri." Hukuamini. Nilikuwa nakusikia unavyonyamaza kabla ya kusema "haya." Umerithi kwangu. Mimi ni mtu wa kushuku na sioni haya kusema hivyo. Nimeuza mchele soko la Kyela tangu hujazaliwa. Mtu akiniletea gunia akaapa kwamba ni mchele wa hapahapa, natia mkono mpaka chini, nanusa, natafuna punje mbichi, maana najua juu huwekwa mzuri na katikati wanachanganya. Kushuku kumenilisha na kumekusomesha. Kulikaribia kuniua pia.

Ilianza kwa kushiba. Nakula ndizi kidogo, sahani naisukuma. Kisha sketi zikanibana kiunoni huku mikono inakonda. Nilikwenda kutibiwa mara nyingi. Nikaambiwa vidonda vya tumbo, nikanywa dawa. Nikaambiwa minyoo, nikanywa. Nikaambiwa mkojo mchafu, nikachomwa sindano. Sokoni wakaanza kunipongeza kwa mimba, mimi na umri ule. Nilicheka nao, lakini moyoni nilikuwa nimeshamkumbuka bibi yako.

Huyo unayeitwa kwa jina lake alikufa na tumbo kama hilo. Mdogo wake naye vilevile. Sisi tulisema wamelogwa. Bibi yako alikuwa na mke mwenza, mwanamke mpole aliyetupikia mama alipokuwa hoi, na huyo ndiye tuliyemshika kwa macho. Hakuna aliyempiga. Tuliacha tu kula chakula chake. Tuliacha kuitikia akituamkia "mugonile." Akafungasha vyombo vyake akarudi kwao, na mama akafa vilevile. Nakwambia haya ili ujue kwamba ukoo wetu unajua sana kushuku, ila umezoea kukosea mlango.

Tulipofika hospitali kubwa, wakanipiga picha ya tumbo, wakachukua damu, kisha baba yako akaitwa ndani. Mimi nikaachwa kwenye benchi. Alikaa huko muda. Alipotoka alikuwa anajifuta uso kwa kofia.

"Wamesemaje?"

"Uvimbe. Utatolewa."

"Uvimbe gani?"

"Uvimbe tu, Mama Atupele."

Akachukua mkoba wangu akaubeba. Mwanangu, tangu anioe, baba yako hajawahi kubeba mkoba wangu wa mkononi. Tulitembea korido nzima, yeye mbele na mkoba wa maua begani, nami nyuma namtazama, nikajua kuna jambo. Sikuuliza tena. Nilijiambia, ngoja, nitaliona mwenyewe. Ndivyo ninavyofanya sokoni.

Nikapasuliwa.

Kitanda cha jirani alilala mwanamke wa Ikombe, Mama Bupe, mfinyanzi wa vyungu, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo. Alipasuliwa siku moja kabla yangu na daktari yuleyule, mama mmoja mwembamba asiye na maneno mengi. Nilipopata nguvu ya kugeuza shingo, Mama Bupe akaniuliza:

"Wewe yako imefika wapi?"

"Nini?"

"Kansa."

Nikamwambia mimi sina kansa, nina uvimbe. Akasema polepole, na kwa sauti yake ile polepole ilisikika mpaka mlangoni:

"Mwenzangu, wodi hii yote ni kansa. Hukuambiwa?"

Nikasema nimeambiwa. Niliona aibu kuwa wa mwisho kujua habari za tumbo langu mwenyewe. Nikageuka upande wa pili, nikawa nawahesabu waliojua. Baba yako. Daktari. Manesi. Pengine mchungaji, maana alipiga simu akaomba kwa sauti ndefu kuliko kawaida yake.

Asubuhi daktari akapita. Kwa Mama Bupe alisema tumetoa ovari zote mbili, kizazi, ule utando wa mafuta unaofunika utumbo, na tezi pia. Akaja kwangu. Akataja ovari, kizazi, utando wa mafuta. Nikangoja neno la tezi. Halikuja. Akaandika kidogo, akaenda kitanda kingine.

Nikamvuta nesi nguo. "Hizo tezi ni nini?"

"Ni vile vifundo vidogo mwilini, mama. Vile vinavyovimba kwenye kinena mtu akiwa na kidonda mguuni."

"Mitoki?"

"Ee, mitoki. Ipo na tumboni kwa ndani. Ugonjwa huu hupenda kupita huko."

"Na yangu?"

"Yako imeachwa, mama. Pumzika."

Imeachwa. Wewe ni mwalimu wa Kiswahili, unajua neno hilo limefanywa nini. Limetendwa, na aliyetenda hayumo. Imeachwa na nani? Kwa nini ya jirani yangu itolewe na yangu iachwe, na nesi mwenyewe ameniambia kwamba ugonjwa hupita humo? Nililala na neno hilo kama mtu aliyelazwa na nyoka. Nikafikiri, wamenifungua wakaona nimeharibika, wakasema huyu tusijisumbue. Kisha nikafikiri, hapana, wameulizwa wenye mgonjwa. Na mwenye mgonjwa ni yule aliyebeba mkoba.

Nilirudi nyumbani, nikawa naenda kutundikiwa dripu za kansa na kurudi. Ulikuja likizo ukanikuta na kitambaa kichwani, unakumbuka? Uliniosha miguu. Ulidhani nakaa kimya kwa sababu ya kichefuchefu. Nilikuwa namchunguza baba yako. Akipigiwa simu akatoka nje, nahesabu pumzi zangu mpaka arudi. Akinunua shati, nashuku. Akinipa uji, nauliza umeweka nini. Nikiwa bafuni nabonyeza kinena kulia na kushoto natafuta mitoki, na ukibonyeza mahali kila siku, mwishowe pataumia tu, nawe utaapa kwamba umeipata.

Siku moja nilimfuata kwenye kichanja anakoanika kakao.

"Ulimwambia daktari aiache?"

"Aache nini?"

"Mitoki. Mwenzangu ametolewa, mimi nimeachiwa. Ulijua ni kansa ukanificha. Na hili umelificha wapi?"

Akaacha kugeuza kakao. Akakaa pale ukingoni mwa kichanja.

"La kansa nilikuficha," akasema. "La mitoki silijui. Daktari alisema maneno mengi, mimi nilisikia kansa tu. Mengine yote yalinipita."

"Kwa nini ulinificha?"

"Mganga alipomwambia mama yako kwamba hatapona, aligeukia ukutani. Hakula tena. Nilikuwapo, nilikuwa mkwe mpya. Niliona mtu anavyokufa kwa neno. Nikaogopa kukupa neno."

Nilimsikia vizuri, na sikumwamini. Mtu akikuficha kubwa, hata dogo analosema kweli linanuka. Na mimi nikafanya kitu ambacho nataka ukitazame vizuri, maana ndicho kilichonifanya nikae kuandika. Sikupaza sauti. Sikwenda kumuuliza daktari. Niliacha dripu. Tarehe ikafika, baba yako akaamka kuniandalia maji ya kuoga, nikamwambia siendi. Nilijiambia, kama mizizi wameiacha ndani, wananimwagia dawa ya nini? Wananifariji mpaka nife. Baba yako aliomba, akaleta wazee wa kanisa, shangazi yako akalia mbele yangu. Kadiri walivyonisihi, ndivyo nilivyozidi kuona kwamba wamekubaliana. Ukimshuku mtu, hata machozi yake unayageuza ushahidi.

Nguvu ziliporudi kidogo nilitaka kitu kimoja tu, kumwona yule aliyesafishwa. Nilitaka kumwona Mama Bupe mzima anafinyanga, ili nirudi nimwambie baba yako, unaona? Unaona nilichonyimwa?

Nikaenda Matema, nikatafuta mtumbwi wa wauza vyungu wanaorudi kwao, wakanivusha mpaka Ikombe. Ziwa lilikuwa limetulia, milima imeinama juu yetu, na wale kina mama hawakuniuliza chochote. Nadhani walijua kitambaa kile ni cha nini.

Mama Bupe alikuwa barazani kwake, ameketi kwenye mkeka, amenyoosha miguu. Mguu wa kushoto ulikuwa wake. Wa kulia ulikuwa wa mtu mwingine, umejaa kutoka kinena hadi vidole, ngozi imevutika inang'aa kama chungu kibichi kilichosuguliwa kwa jiwe. Kijijini walisema ni matende. Mbele yake palikuwa na udongo uliokauka bila kuguswa.

Hakuniamkia. Aliniambia, "Umekuja kuona?"

"Kuona nini, Mama Bupe?"

"Walivyonifanya. Wewe mwenye biashara mjini, na mumeo anakuja wodini amevaa viatu, walikugusa kwa adabu. Mimi wa vyungu wakasema, huyu tumpate tujifunzie. Wakakata mpaka mitoki. Wewe nilisikia nesi anakwambia imeachwa. Nikalia usiku ule, hukunisikia? Nikasema, ona, mwenye watu wake ameachiwa vitu vyake."

Atupele, miezi yote ile nimemwonea wivu mwanamke huyu. Nimemchukia baba yako kwa ajili ya kitu ambacho Mama Bupe alikililia kwa kuwa amenyang'anywa. Nikakaa chini pale udongoni.

"Mimi nilidhani wewe ndiye uliyetibiwa," nikamwambia. "Nilidhani mimi nimetupwa."

"Umetupwa?"

"Nimeacha hata dripu."

Alinitazama kama mwendawazimu. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka jirani akatoka na mwiko mkononi kuuliza kuna nini. Alipomaliza kucheka alikuwa analia, na mimi nalia, na jirani wa watu amesimama na mwiko wake.

"Basi mmoja wetu ameibiwa," akasema Mama Bupe akijifuta kwa khanga. "Au wote wawili. Twende tukamuulize."

"Atakubali kusema?"

"Akikataa nitakaa sakafuni pale na mguu huu, aone atanipitia wapi."

Tulikwenda pamoja. Safari ile ilikuwa ndefu kwake, mguu umewekwa juu ya begi langu. Daktari alitaka kutuona mmoja mmoja, akasema habari za mgonjwa ni za mgonjwa. Nikamtupia Mama Bupe jicho, maana hapo ndipo nilipoona mlango mwingine unafungwa. Lakini yeye akasema, "Zangu mimi nazitoa. Sema mbele yake. Na zake sema mbele yangu. Tumechoka kudhaniana."

Daktari akavuta kiti akakaa mbele ya meza, upande wetu.

"Mama Bupe," akasema, "nilipokufungua niliingiza vidole nyuma, kwenye mishipa mikubwa ya damu, nikakuta tezi zimevimba, ngumu kama karanga mbichi. Ugonjwa ulikuwa umeshaingia humo. Hizo sikuweza kuziacha. Nilikueleza, lakini naona nilikueleza bado una dawa ya usingizi."

"Na huyu?"

"Huyu nilizigusa zote. Zilikuwa laini, ndogo, kama zinavyotakiwa kuwa. Na uvimbe wote niliouona kwa macho niliutoa. Kwa hiyo nikaziacha. Mumewe nilimweleza."

"Hakusikia," nikasema. "Lakini kwa nini usitoe tu? Umeshanifungua, kisu unacho. Ungetoa zote tukamaliza."

"Zamani ndivyo tulivyofanya. Nilifundishwa hivyo, na nimewafanyia wengi hivyo. Tuliamini kwamba tukisafisha kila kitu tunawaongezea umri. Baadaye ikafanywa kazi kubwa huko nje, wanawake kama wewe, uvimbe umetolewa wote na tezi zinaonekana nzuri. Wengine wakaondolewa tezi, wengine wakaachiwa, kisha wakafuatiliwa miaka. Walioondolewa hawakuishi zaidi. Walichozidi ni shida, usaha, miguu kuvimba, kurudishwa chumba cha upasuaji, na wengine kufa mapema kwa ajili ya upasuaji wenyewe."

Nilimtazama kama ninavyomtazama mtu wa mizani. Nikamuuliza, "Hao waliofuatilia ni kina nani? Nani alifaidika wakisema hivyo?"

Mama Bupe akanifinya. Daktari hakukasirika.

"Ni wapasuaji, mama. Watu wa kisu. Walikuwa wanapima kazi ya mikono yao wenyewe, wakakuta nyingine haina faida, wakasema."

Hilo lilinishika. Nimekaa sokoni miaka mingi, na muuzaji akikwambia bidhaa yake hii usinunue, huyo msikilize. Lakini sikumaliza.

"Kwa hiyo yangu ni salama."

"Sijasema ni salama. Inawezekana kuna punje ndogo isiyoonekana kwa jicho wala kwa kidole, kwenye tezi au mahali pengine. Ndiyo kazi ya dripu." Akafungua faili langu. "Na dripu naona umeziacha."

Mama Bupe akaniangalia. Sikuwa na pa kuficha uso. Niliyemshuku hakuninyima kitu. Niliyejinyima ni mimi, na niliyafanya hayo kimyakimya nikijiona mjanja.

Nikamaliza dripu zilizobaki. Daktari alisema kuchelewa kule si kuzuri na hawezi kuniambia kumenigharimu kiasi gani. Mama Bupe alifundishwa kufunga mguu kwa bandeji na kuukanda kwa kuupandisha kuelekea juu, ukapungua, haukuisha. Binti yake alimchimbia udongo, yeye akafinyanga ameketi. Tukawa ndugu. Nilikuwa nampelekea mchele, ananipa samaki, na tukikutana Matema anaita jina langu mpaka wageni wa kwenye mahoteli wanageuka.

Kisha ugonjwa ukamrudia, ukaingia kwenye ini. Uliniona nikienda msiba wa Ikombe ukaniuliza ni nani, nikakujibu rafiki wa sokoni. Ndiye huyo. Kwenye matanga watu walinong'ona kwamba ni kile kisu, kwamba wangemwachia mitoki yake angekuwa hai kama mimi. Na mimi, baada ya yote niliyosikia kwa masikio yangu, nilirudi kwa daktari nikamuuliza jambo hilohilo. Akasema, "Ugonjwa wake ulikuwa umefika kwenye tezi kabla yangu. Nilimkuta nao." Nikasema sawa. Siku nyingine naamini kabisa, siku nyingine naamka nimerudi pale barazani naangalia mguu. Sijui kwa nini yeye na si mimi. Mtu akikwambia mama yako alipona kwa sababu aliachiwa tezi, mkatalie. Akikwambia Mama Bupe alikufa kwa sababu alitolewa, mkatalie pia.

Kuhusu baba yako, usidhani nilirudi nikamwangukia. Nilimwambia aliyosema daktari, akasema, "Ndaga," asante tu basi, akaenda kugeuza kakao yake. Nilikasirika naye bado kwa muda mrefu, kwa ile kansa, siyo kwa mitoki. Ni tumbo langu, alipaswa kuniambia. Amekubali. Sasa tukienda kliniki anaingia ndani na mimi, anakaa, na daktari akimaliza anauliza, "Rudia hapo tena," hata pale mimi nimeelewa. Akitoka nje na simu bado namfuata kwa macho. Hilo la kwangu halitaisha, nimezeeka nalo.

Nikija kwako. Daktari aliniuliza habari za mama yangu, nikamweleza habari za tumbo lile, na la mdogo wake. Akaacha kuandika. Akasema ugonjwa huu wakati mwingine hutembea kwenye damu ya ukoo, mama kwa binti, na kwamba kuna kipimo cha kutazama hilo ingawa si kila mahali kinapatikana. Akasema, "Binti yako ajue." Nikaitikia, nikaja nyumbani, nikanyamaza. Ulikuwa na mitihani. Kisha ulikuwa unangoja ajira. Kisha ajira ikatoka, ukafurahi vile, nani angekuharibia? Unaona jinsi inavyofanyika. Hakuna anayekaa akasema leo nitamficha mwanangu. Tunaahirisha tu, mpaka kuficha kunakuwa tabia ya nyumba.

Basi jua. Si kwamba utaumwa. Wengi katika ukoo kama wetu hawaumwi. Lakini ukianza kushiba kabla ya kula, tumbo likajaa bila sababu, ukawa unakwenda kukojoa kila mara na hali hiyo haiondoki, usikubali kuambiwa vidonda vya tumbo ukanyamaza. Waambie habari za bibi yako na za mama yako. Lishuku tumbo lako kwa mdomo wazi, mbele ya mtu mwenye kazi hiyo, na akikujibu usichoelewa mwambie arudie. Mimi nilichokosea siyo kushuku. Nilikosea kumshuku mtu kisha nikamnyima nafasi ya kunijibu.

Nimefika mahali pagumu. Wiki ile niliyosema naenda kununua mpunga Ipinda, nilikwenda kliniki na baba yako. Uliniuliza jioni, "Mama, mpunga uko wapi?" Nikakujibu bei ilikuwa mbaya. Ukanitazama. Tangu siku hiyo umekuwa ukinitazama nikila, unatazama nimebakiza nini. Juzi ulimwambia shangazi yako kwamba pengine utaomba kuripoti baadaye.

Kipimo cha damu, kile cha kufuatilia kansa, kimepanda kidogo. Ultrasaundi haikuonyesha kitu. Daktari anasema kupanda kule kunaweza kuwa ugonjwa unarudi na kunaweza kuwa si kitu, na kwamba nitarudi nipimwe tena kabla ya kufanya lolote. Nimemuuliza mara mbili kama hayo ndiyo yote, baba yako akamuuliza mara ya tatu. Hayo ndiyo yote anayoyajua. Nami sasa sina ninachojua ambacho wewe hukijui.

Tulipokuwa tunarudi baba yako alisema, "Tumwache afike kwanza, apokee mshahara, atulie, halafu tutamwambia." Alisema kwa upendo, kama alivyosema wakati ule. Nikamwambia simamisha bajaji. Tukashuka, tukabishana pale barabarani mbele za watu, mpaka akasema, "Basi mwambie wewe, mimi sina kinywa cha kumwambia." Ndiyo maana yuko shambani hata sasa, na hakuna kakao ya kuvuna kiasi hicho.

Nilifikiri kuiweka barua hii chini ya nguo zako uikute Tanga. Ingekuwa rahisi kwangu. Lakini ungesoma peke yako chumbani, ukaanza kutafuta nilichokiacha, na sauti yangu kwenye simu ungeitafuna kama punje. Kwa hiyo nakupa leo, mkononi, jua likiwa bado juu. Nataka uende. Nataka upande basi kesho ukafundishe watoto wa watu, na nitakapopimwa tena utajua siku hiyohiyo, hata kama ni baya. Daktari nimemwambia ukipiga asikufiche, na namba yake nimekuandikia nyuma.

Lakini usiende kwa sababu nimesema. Kama kuna neno humu limekunukia, usilimeze. Uliza.

Nakusikia getini unamwamkia jirani. Umesukwa vizuri au vibaya nitakwambia ukweli. Soma hapohapo ulipo, taratibu, kisha njoo jikoni. Nimeketi, na sitaondoka mpaka umalize maswali yako yote.

Mama yako